Wacheni kuita Turkana adhabu

Huku Kenya ukitaka kumtisha mtumishi wa serikali unamwambia tu atapelekwa Lodwar, mji mkuu wa Turkana huku kaskazini. Nimeisikia hiyo tangu nikiwa mtoto. Polisi akikosana na bosi wake, karani akijibu vibaya, mwalimu akikataa kunyamaza, wote wanatishwa na jina hilo hilo, na kama si Lodwar basi ni Mandera ama Wajir ama Marsabit, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwani wale wamezaliwa Lodwar wao walikosa nini.

Mimi nafundisha Turkana tangu 2018. Nilitoka Kinangop, kule Julai unavaa sweta mbili na bado vidole vinakufa ganzi, nikaja kwa sababu nafasi za walimu wa hesabu na fizikia zilikuwa huku. Nyumbani waliita watu wa kanisa wakaniombea kabla sijaondoka. Na tangu nifike kila mwaka kuna mtu ananitafuta kwa simu, mara mwalimu amepata barua, mara nesi, mara kijana wa maji ameajiriwa na kaunti, na swali lao ni moja, eti huko kunakalika?

Kunakalika. Lakini nikijibu hivyo tu nakuwa sijasema kitu, manake kile nimekuja kuamini ni kikubwa kuliko hapo. Jua la Turkana ni kali kweli, umbali ni mrefu kweli, ila kinachoumiza watu wa hapa zaidi ya hivyo vyote ni hiyo sifa yenyewe. Sifa mbaya inaleta watu ambao hawataki kukaa. Hao wanaanza kutafuta uhamisho hata kabla ya kufungua mabegi, wakiupata wanaenda, darasa linabaki bila mwalimu, zahanati inabaki na mtu mmoja, na mwaka unaofuata mtu wa Nairobi anakuja kutazama anasema si mnaona, huku hakuna kitu kinaendelea. Sifa inajilisha yenyewe. Nimeiona ikifanya hiyo kazi kwa macho yangu na ndio sababu naandika.

Na haikuanza na jua. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembeni iliyowapa uwezo wa kufunga eneo zima, 1934 wakaongeza nyingine ya kusimamia hizo wilaya walizoita maalum, na Turkana ikawa ndani, mgeni haingii bila kibali na mwenyeji hatembei anavyotaka. Halafu baada ya kesi ya Kapenguria ya 1953, ile ya Mau Mau, walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali kabisa na watu wake wakampeleka Lokitaung, huko juu karibu na mpaka wa Ethiopia, na 1959 wakamshusha Lodwar akae kizuizini mpaka 1961. Nchi nzima ikajifunza jina la Lodwar kama mahali pa kumfungia mtu. Ile nyumba aliyokaa bado ipo mjini, nimewapeleka wanafunzi wakaiona, na swali la kwanza waliuliza ni kama watu wa hapa walikuwa wanamletea maziwa.

Uhuru ukaja, na 1965 serikali ikatoa ile karatasi ya bunge namba 10 ambayo kila mtu amesoma historia ya Kenya anaijua. Ilisema wazi kwamba pesa ya maendeleo iende kwanza pale itazaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Hesabu yake inaeleweka, lakini weka hiyo hesabu mbele ya mahali ambapo mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka na ambapo mkoloni alikuwa ameacha bila barabara makusudi, jibu linajulikana kabla hujaanza kuhesabu. Hii nasema nikiwa mtoto wa upande ule ulifaidika. Kinangop tulipata barabara za maziwa na viazi, shule za karibu, walimu kila somo, na tulikua tukidhani ni kwa sababu sisi tunafanya kazi sana.

Kuna mfano mmoja huwa nautumia darasani nikifundisha umeme. Bwawa la Turkwel liko hapo kwenye mpaka wa Pokot Magharibi na Turkana, lilianza kazi 1991, mitambo yake ni megawati 106, na nyaya zake zikaelekea kusini, wakati mji wa Lodwar, kwenye mto huo huo huku chini, ukaendelea miaka mingi kuwashwa na jenereta za dizeli. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo na laini ya zaidi ya kilomita 400 inayobeba huo umeme mpaka Suswa, huko kusini. Wanafunzi wangu wanaweza kukokotoa nguvu inayopotea kwenye waya wa urefu huo. Wengi wao nyumbani wanasoma na tochi ya sola.

Sasa safari yenyewe, manake najua ndio inawatisha watu. Unatoka Kitale, ni kama kilomita 300 mpaka Lodwar, unapanda Makutano kwenye baridi ya kawaida, halafu unaanza kushuka milima ya Pokot, Ortum, Marich, na pale Marich nchi inafunguka mbele yako na hewa inabadilika ndani ya gari, watu wanavua majaketi bila kuambiana. Kainuk ndio unaingia Turkana. Hapo kwa miaka mingi magari yalikuwa yanangojana yasindikizwe na polisi kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na sitaki kumdanganya mtu, hilo jambo ni la kweli. Wizi wa mifugo kati ya Pokot na Turkana umeua watu wengi, bunduki zimejaa, shule za karibu na mpaka zimewahi kubaki bila walimu, na Februari 2023 serikali ilipeleka polisi na jeshi kwenye kaunti za Bonde la Ufa kaskazini kwa sababu hiyo. Nina wanafunzi walipoteza baba zao hivyo. Ninachowaambia wageni ni kwamba Turkana ni kubwa, ni kama kilomita za mraba 68,000, Rwanda mara mbili na inabaki, na kusema Turkana yote ni hatari kwa sababu ya Kainuk ama Kapedo kule mpakani ni kumuonea mtu wa Kalokol anayekaa ziwani akivua samaki wake. Safiri mchana, uliza dereva kabla ya kulipa, dereva wa hiyo barabara anajua hali ya jana usiku kuliko redio.

Lami siku hizi imefika sehemu kubwa ya hiyo njia, na mtu hajawahi kupita pale zamani hawezi kujua imebadilisha nini. Kabichi na nyanya zote tunakula zinatoka Kitale kwa lori. Zamani daraja likibebwa na maji, mji mzima unalala bila mboga na nyanya moja inakuwa bei ya kilo.

Joto. Haya, joto. Lodwar mchana ni digrii 35 na zaidi karibu mwaka mzima, usiku mara nyingi haishuki chini ya 24, na kwa mtu wa Kinangop mwanzoni mwili unakataa kabisa. Hulali, chakula hakishuki, unakunywa maji na bado kichwa kinauma. Lakini hilo linapita, na linapita haraka ukiacha kushindana na wenyeji ukawafuata. Mama mwenye ploti yangu ya kwanza alinitazama kama wiki nzima nikilala ndani ya chumba cha mabati na feni, siku moja akatoa kitanda changu mwenyewe akakiweka uani, akafunga neti juu kwenye miti minne, akaniambia mwalimu, nyumba ni ya kuweka vitu. Tangu hapo nalala nje. Karibu mji wote unalala nje. Asubuhi kazi zinaanza mapema kabla jua halijapanda, saa saba mpaka saa kumi mtu mwenye akili yuko chini ya kivuli, jioni ndio soko linachangamka tena mpaka usiku. Ukiweza kuchagua nyumba chukua ya makuti ya mkoma, achana na bati, hata kama ya bati ndio inaonekana ya kisasa. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa kwa sababu ya nge. Usiku usitembee bila tochi, kuna nyoka mdogo wa mchangani ambaye sumu yake haina mchezo. Na ukiona anga limekuwa jeusi huko magharibi milimani, usivuke laga, yaani mto wa msimu, hata kama ni kavu na kwako hakuna tone, manake maji yanakuja kutoka mbali yamebeba miti na mbuzi, yanafika yakiwa ukuta. Mto Kawalase pale Lodwar umeshabeba watu na nyumba hivyo hivyo, jua likiwaka.

Wageni wakishuka kwenye gari neno la kwanza ni huku hakuna kitu, ni tupu tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana, ni kama watu 14 kwa kila kilomita ya mraba, na mtu aliyezoea Kenya ya milimani akiangalia dirishani haoni shamba wala ua anasema ardhi imelala. Haijalala hata kidogo. Kila kisima cha mchangani kina mtu aliyekichimba na huwezi kunywesha mifugo pale bila kuzungumza naye, miti ya kando ya mto Turkwel ina familia zake zinazookota matunda yake kulishia mbuzi wakati wa kiangazi, na boma likihama halijahama kwa kubahatisha, kuna vijana wametumwa mbele siku kadhaa kuangalia nyasi na kuuliza nani yuko huko na kama kuna amani. Maboma kadhaa yanahama pamoja kama kundi moja, wanaita adakar, na lina mkubwa wake. Kwa mvua kidogo namna hii ambayo inanyesha hapa mwaka huu na kule mwaka ujao, kuhama ndio kilimo. Ukimlazimisha kila mtu akae kwenye ekari zake tano atakufa na ekari zake. Nilichukua muda kuelewa kwamba uchache wa watu ndio umefanya watu waweze kuishi hapa, na binadamu wa kale walikuwa hapa tangu zamani sana, ile mifupa ya kijana wa miaka milioni moja na nusu hivi aliyevumbuliwa na Kamoya Kimeu 1984 ilitoka Nariokotome, kando ya hili ziwa letu.

Kwa nini mvua ni kidogo hivi wakati Ethiopia juu na milima ya Kenya chini zinapata? Hilo swali nililetewa na mwanafunzi wa kidato cha pili na likanilazimu nisome. Turkana iko kwenye bonde kati ya milima miwili mikubwa, ya Ethiopia na ya kwetu, upepo kutoka Bahari ya Hindi unabanwa hapo katikati unaongeza kasi, na badala ya unyevu kupanda na kuwa mvua unapitishwa moja kwa moja kuelekea magharibi. Ndio upepo huo huo unaozungusha ile mitambo ya Marsabit. Darasa lilinyamaza, halafu mmoja akasema kumbe si kwamba Akuj, Mungu kwa Kiturkana, amekasirika na sisi, na mwingine akamjibu kwani nani aliweka milima, wakabishana mpaka kengele ikalia na mimi sikuwakatiza.

Maji ni stori ndefu. Ziwa Turkana ni kubwa sana lakini maji yake ni ya magadi, na floraidi iko juu, meno ya watoto wa kando ya ziwa yanaonyesha. Mwaka 2013 kulitangazwa kwamba chini ya ardhi huko Lotikipi kuna maji mengi ya kulisha nchi nzima miaka mingi, magazeti yote yakaandika, watu hapa wakacheza. Baadaye yakapimwa yakakutwa na chumvi nyingi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2012, ilikuwa mafuta ya petroli, yale yaliyopatikana kwenye kisima kilichoitwa Ngamia. Kwa hivyo ukija hapa na habari njema kutoka mbali usishangae mzee akikusikiliza kwa heshima akiendelea kuchonga fimbo yake. Tumia maji kwa akili, ya kuoga yanaenda kwenye mti, ya kufulia yanaenda kusafisha choo, na jerikeni za lita 20 nunua nyingi siku ya kwanza kabla hujanunua meza.

Ule ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ndio niliona mahali hapa palipofika mwisho. Mbuzi walianza, halafu ng'ombe, punda wakafuata, ngamia ndio walibaki wakiwa mifupa. Shule yetu ilijaa. Wazazi walikuwa wanatembea siku mbili kumleta mtoto kwa sababu shule kuna sufuria ya githeri, na tulikuwa tunajua, na hatukumrudisha hata mmoja. Wavulana wengine walipotea muhula mzima wakifuata mifugo iliyobaki mpaka karibu na Uganda, wakarudi warefu na wamekonda wakauliza tumefika ukurasa gani. Nilikuwa na mmoja hivyo, alikaa nyuma ya darasa na kitabu cha mwenzake, akafanya mtihani wa hesabu akawa wa tatu. Mtu kama huyo akikosa mwalimu ni hasara ya nchi na hakuna ukame unaweza kulaumiwa kwa hiyo.

Na hapa ndio nataka kusema kwa sauti. Tangu nifike, kemia kwenye hii shule imefundishwa na walimu wengi wanaopita tu, kila mmoja akija anaanza upya pale mwenzake aliachia, wakati mwingine sura hiyo hiyo ya atomu mara tatu na wanafunzi hawajawahi kufika mwisho wa silabasi. Wengi wao walikuwa vijana wazuri na wanajua kazi. Hawakushindwa na joto, joto walikuwa wameshalizoea. Walikuja tayari wameambiwa na mama, na mchumba, na rafiki wa chuo, na hata na ofisi iliyowaandikia barua, kwamba hapa ni pa kuvumilia mpaka upate njia. Serikali inalipa pesa ya hadishipu, posho ya mazingira magumu, ni haki na sisemi iondolewe, gharama ya kuishi mbali ni ya kweli, nauli ya likizo peke yake inakula mshahara. Lakini hakuna mtu akikupa hiyo barua anakuambia kwamba kuna watoto ambao watajua jina lako na la mama yako, kwamba soko la Lodwar kuna samaki wa asubuhi hiyo kutoka Kalokol, kwamba chai ya maziwa ya ngamia kwenye hoteli za Wasomali ni tamu, kwamba ukiugua usiku jirani watatu wataamka kabla hujaita, na kwamba Kanisa na msikiti na wazee wa chini ya mti wote watataka kukujua ndani ya mwezi wa kwanza na ni lazima uende ukajulikane, manake hapa mtu asiyejulikana hana msaada.

Upweke upo, sifichi. Jumapili jioni ukikumbuka nyumbani na netiwaki imekataa unaweza kulia. Nikirudi kutoka likizo watu wazima huniuliza Kenya kumeamkaje, kana kwamba huku si Kenya, wanauliza bila ubaya wowote, ndivyo wamezoea kusema, na kila mara nachelewa kujibu kwa sababu najua nani aliwafundisha kuongea hivyo. Mabadiliko yapo pia. Tangu kaunti zianze 2013 kuna mambo ambayo yangengoja Nairobi miaka 50 mingine, zahanati, madarasa ya chekechea, wasichana wa hapa hapa wamesomea unesi wakarudi kuhudumia mama zao kwa lugha yao. Hao wanaorudi ndio dawa kubwa kuliko sisi wote wa kuja. Lakini ili arudi lazima kwanza apite kidato cha nne, na ili apite lazima mtu amfundishe kemia mpaka mwisho wa kitabu.

Kwa hivyo ombi langu kwa mwenye barua mkononi sasa hivi ni dogo. Usiahidi maisha, ahidi darasa moja. Wachukue wakiwa kidato cha kwanza, uwafikishe cha nne, halafu ukitaka kuomba uhamisho nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi. Kwetu nafasi ya kemia na bayolojia bado iko wazi, nyumba ya mwalimu ipo na ni ya makuti, neti na kitanda cha nje utapata kwa fundi wa hapa hapa. Magari ya Kitale yanaanza kujaa alfajiri, kata tiketi jana yake, kaa upande wa kushoto jua lisikupige asubuhi, na beba maji mengi kuliko unavyofikiri.